Lori likipotea kwenye ramani, nani anawajibika?

Swali: "Salaam, mhandisi. Nina malori yanayobeba mizigo ya transiti kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala na Kigali. Mara mbili sasa lori moja limepotea kwenye mfumo wa ufuatiliaji kwa zaidi ya nusu saa, huku mengine yakionekana kama kawaida, na nimeandikiwa barua ya kujieleza kana kwamba nimeshusha mzigo njiani. Aliyeniuzia vifaa anasema tatizo ni GPS ya Wamarekani, yeye hahusiki. Nasikia pia meli zinavurugiwa GPS Bahari Nyekundu na ndege kule Ulaya. Niambie basi: hii GPS ina mwenyewe wa kushtakiwa? Na kwa nini nchi kubwa zenye pesa zote hizo zimeshindwa kutunga sheria ya kuilinda?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na huyo aliyekuuzia vifaa, maana hapo ndipo pesa yako ilipo. Alichokuambia karibu hakika si kweli. GPS yenyewe hukosea kwa nadra, na ikikosea dunia nzima hujua. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kuukuu ilipokuwa ikiondolewa kazini, setilaiti kadhaa zilianza kutangaza saa yenye kosa la mikrosekunde 13 hivi, na kwa saa nyingi mitambo ya simu na redio za kidijitali katika nchi mbalimbali ikawa inapiga kengele za hitilafu. Mfumo wa Urusi, GLONASS, uliharibika Aprili 2014 kwa takriban nusu siku. Galileo ya Umoja wa Ulaya ilizimika Julai 2019 kwa karibu wiki nzima. Hayo ni matukio ya kuhesabika, na kila moja lina tarehe, saa na taarifa rasmi. Lori moja kupotea huku wenzake wakionekana si kazi ya setilaiti iliyoko kilomita 20,200 juu ya kichwa chako. Sababu iko chini huku, na mara nyingi iko ndani ya mita chache kutoka kwenye kifaa.

Kwa nini iwe rahisi hivyo kuvuruga? Kwa sababu mawimbi ya GPS yakifika ardhini yameshafifia mno, chini ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Ni dhaifu kuliko kelele za umeme zilizomo ndani ya kipokezi chenyewe. Kipokezi huyachambua kwa hesabu tu, kwa kuwa kinaujua mapema mpangilio wa alama kinaoutafuta. Sasa chukua kidude cha bei ndogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kirushe kelele kwenye masafa hayohayo, na hesabu zote zinaishia hapo. Dereva wa kampuni moja huko New Jersey alifanya hivyo ili mwajiri wake asijue alipo. Kwa bahati mbaya yake, njia yake ilipita karibu na uwanja wa ndege wa Newark, ambako mtambo mpya wa kuongozea ndege kutua kwa kutumia GPS ulikuwa ukijaribiwa, ukawa unakatika bila sababu inayoeleweka. Mwaka 2013 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilimwandikia faini ya karibu dola 32,000. Hakuwa jasusi wala gaidi. Alikuwa mtu anayemkimbia bosi.

Dereva wa transiti ana vishawishi vikubwa kuliko hivyo, na wewe unavijua kuliko mimi: mzigo wa Kampala ukishushwa Nairobi bila ushuru, kuna anayefaidi. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa sili za kielektroniki, yaani kufuli zinazofungwa kwenye mzigo na kutoa taarifa ya mahali ulipo. Mfumo huo wote umejengwa juu ya mawimbi niliyoyaeleza hapo juu.

Sasa swali lako la mwenyewe. Mwenyewe yupo: ni serikali ya Marekani, na setilaiti zinaendeshwa na kikosi chake cha anga za juu. Ila hana mkataba na wewe. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na ikatunguliwa, watu wote 269 wakafa. Rais Reagan alitangaza kwamba GPS, iliyokuwa bado inajengwa kwa ajili ya jeshi, itakuwa wazi kwa ndege za kiraia ikikamilika. Mei 2000 Rais Clinton akaamuru kuondolewa kosa lililokuwa likiwekwa kwa makusudi ili raia wasipate usahihi kamili. Kwa usiku mmoja kosa la hadi mita 100 likashuka kuwa la mita chache. Biashara yako na teksi za kwenye simu zilizaliwa hapo. Lakini zawadi ni zawadi. Hulipi ada, husaini chochote, na ikikuangusha hakuna wa kumdai fidia. Taasisi ya UNIDROIT ya Roma, inayoandaa mikataba ya sheria za biashara kati ya nchi, iliwahi kulipokea suala la nani alipe mifumo hii ikisababisha hasara. Mkataba haukupatikana.

Hapo tunafika kwenye sehemu ya pili ya swali, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu watu wengi hulielewa vibaya. Huona kama ni uzembe. Mimi naona tatizo lina mzizi: sheria za masafa ya redio tangu mwanzo ziliandikwa kumtawala anayerusha. Anayerusha ana leseni, ana mnara, ana anwani, analipa. Anayepokea hana lolote kati ya hayo. Sekta nzima ya GPS, ukiondoa setilaiti zenyewe, ni wapokeaji: simu, matrekta, meli, benki, sili za forodha. Ni mabilioni ya vifaa visivyo na leseni hata moja, kwa hiyo mdhibiti akiketi na wadau mezani, kiti chao ni vigumu hata kukipanga.

Vita vilivyoonyesha jambo hilo wazi kabisa vilipiganwa Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Masafa ya raia ya GPS yako kwenye megahezi 1575.42. Chini yake kidogo, kati ya 1525 na 1559, palitengwa kwa mawasiliano ya setilaiti, ambayo nayo ni ya mawimbi dhaifu, kwa hiyo jirani alikuwa mtu mpole. Watengeneza vipokezi wakazoea upole huo na kuacha vichujio vyao, yaani sehemu ya kipokezi inayozuia masafa yasiyotakiwa, vikiwa vipana, kwa sababu kichujio kipana ni rahisi na kwenye vifaa vya upimaji huongeza usahihi. Kisha kampuni ya LightSquared, yenye haki kwenye masafa hayo ya jirani, ikataka kujenga hapohapo mtandao wa simu wa ardhini wenye maelfu ya minara. Januari 2011 FCC iliwapa kibali chenye masharti. Majaribio yakaonyesha vipokezi vingi vinazidiwa, vya ndege vikiwemo. Mwaka 2012 FCC ikarudi nyuma na kampuni ikafilisika.

Ilirudi kwa jina jipya, Ligado, ikapunguza nguvu ya minara hadi wati 10 hivi na kuachia sehemu ya masafa iliyo karibu zaidi na GPS. Aprili 2020 makamishna wote watano wa FCC, wa vyama vyote viwili, wakapiga kura ya ndiyo. Wizara ya Ulinzi na ile ya Uchukuzi zikapinga hadharani. Yaani serikali moja, nyumba moja, na baba na mama hawasemezani. Akademia za Taifa za Sayansi zilipoombwa kuamua, ripoti yao ya Septemba 2022 ilisema vipokezi vingi vya kawaida vingestahimili, lakini vile vya upimaji wa usahihi mkubwa, hasa vya zamani, vingeumia, na simu za setilaiti za Iridium zingevurugwa. Kila upande ukachukua ukurasa unaoupenda. Mtandao haukujengwa. Oktoba 2023 Ligado iliishtaki serikali ya Marekani ikidai fidia ya takriban dola bilioni 39, na Januari 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Nani alikuwa na haki? Ukiniuliza mimi, Ligado walikuwa na hoja moja ambayo sekta yetu hatukuipenda: jirani akijenga ndani ya kiwanja chake, si kosa lake kwamba dirisha lako linafunguka upande wake. Lakini walijua pia kwamba kiwanja kilitolewa kwa matumizi mengine, na kubadilisha matumizi ya masafa si jambo la kampuni moja na ofisi moja. Ulaya ilishika njia nyingine, na naiona ya busara zaidi. Sheria yake ya vifaa vya redio ya 2014 inavigusa hata vifaa vya kupokea tu, na kuna kiwango maalumu ambacho kipokezi cha setilaiti hupimwa kama kinastahimili majirani. Marekani, FCC ilitoa tamko la kanuni kuhusu vipokezi mwaka 2023, lakini tamko si sharti. Na mchezo haujaisha. Tangu 2024 kampuni ya NextNav inaomba masafa ya megahezi 902 hadi 928 yapangwe upya ili ijenge mfumo wa ardhini wa kusaidia GPS, na safari hii wanaolalamika ni watumiaji wa vitambulishi vya kulipia barabara na vifaa vidogo vingi vilivyozoea kutumia masafa hayo bila leseni. Dawa ya mmoja imekuwa ugonjwa wa mwingine.

Kuhusu meli na ndege, hapo tunatoka kwenye ugomvi wa majirani na kuingia vitani. Kuna kuvuruga, ambako kipokezi hakisikii kitu. Kuna kughushi, ambako kinasikia kitu cha uongo na kukiamini. Mwaka 2024 watu waliokuwa Tel Aviv walifungua programu za teksi wakajiona wako Beirut. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, na wafuatiliaji wa safari za meli walilihusisha tukio hilo na uvurugaji wa GPS katika eneo hilo. Ni njia ileile inayoleta sehemu ya makontena yako.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi, kwa sababu unaonyesha dawa na ugonjwa kwa pamoja, ni wa Tartu, mji mdogo wa Estonia. Mwishoni mwa Aprili 2024 ndege mbili za Finnair kutoka Helsinki zilishindwa kutua huko siku mbili mfululizo zikarudi zilikotoka. Estonia iliinyooshea Urusi kidole. Ila ndege hupita maeneo yenye uvurugaji huo kila siku na kutua salama kwingineko, maana viwanja vingi vina mitambo ya redio ya ardhini. Tartu walikuwa wamebaki na utaratibu wa kutua unaotegemea GPS pekee. Finnair ilisitisha safari kwa mwezi mzima, utaratibu mwingine usiohitaji GPS ukawekwa, na mwanzoni mwa Juni ndege zikarejea. Waliovuruga hawakukamatwa wala kuombwa radhi. Kilichobadilika ni Tartu.

Sheria ya kimataifa haikukosekana. Ibara ya 45 ya Katiba ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, inakataza kituo chochote kusababisha uvurugaji wenye madhara kwa huduma za redio za nchi nyingine. Lakini ibara ya 48 inaziachia nchi wanachama uhuru wao kamili kuhusu mitambo ya redio ya kijeshi, ikiwasihi tu wazingatie masharti kadiri inavyowezekana. Mlango umefungwa na dirisha limeachwa wazi, na takriban kila mvurugaji mkubwa wa leo amevaa sare. Mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023 ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zizuie uvurugaji wa urambazaji wa setilaiti, na Machi 2025 ITU, shirika la usafiri wa anga ICAO na lile la bahari IMO walitoa tamko la pamoja la wasiwasi mkubwa. Nimeyasoma yote. Hayana meno, kwa sababu waliokaa kuyaandika ndio wenye mitambo.

Jambo la mfumo wa akiba, wa kutumika GPS ikikosekana, nalipitia haraka, ingawa linaniudhi. Marekani ilikuwa na mfumo wa urambazaji wa minara ya ardhini, Loran-C, wenye mawimbi mazito ambayo kidude cha kuchomeka kwenye gari hakiyawezi. Iliuzima 2010 kuokoa pesa. Desemba 2018 ikatunga sheria ya kujenga mfumo wa akiba wa saa ndani ya miaka miwili, ikiwa fedha zitapatikana. Fedha hazikutengwa. Utafiti uliodhaminiwa na taasisi yao ya vipimo, NIST, mwaka 2019 ulikadiria hasara ya dola bilioni 1 kwa siku GPS ikikosekana. China na Korea Kusini zimeendelea na minara ya aina hiyo. Korea Kusini haina budi, kwa kuwa jirani yake wa kaskazini huivuruga mara kwa mara.

Nirudi kwako. Kenya, kama Tanzania na Uganda, kifaa kinachorusha mawimbi ya redio hakiruhusiwi kuuzwa wala kutumiwa bila idhini ya mdhibiti wa mawasiliano. Kwa hiyo kidude cha kuvuruga GPS ni haramu tayari. Huhitaji sheria mpya. Pengo liko kwingine: mfumo wa forodha huhesabu kupotea kwa mawimbi kama dalili ya kosa la msafirishaji, naye ndiye anayebeba kazi ya kujitetea. Hilo ni suala la sera, na chama chenu cha wasafirishaji kingefanya vizuri kulipeleka mezani kwa maandishi. Sili ingetakiwa itofautishe "sioni setilaiti" na "nimefunguliwa", na kanuni ziyachukulie hayo mawili kama mambo tofauti.

Kwa barua uliyo nayo mkononi, usijibu kwa maneno matupu. Mtake aliyekuuzia vifaa akupe kumbukumbu ghafi za lori lile kwa siku ile, si ile ramani yenye mstari mwekundu. Akikataa, umeshapata jibu kuhusu yeye. Ndani yake tafuta idadi ya setilaiti, nguvu ya mawimbi ya setilaiti, nguvu ya mtandao wa simu, swichi ya injini na volti za betri. Kama setilaiti zilishuka ghafla kutoka kumi na kitu hadi sifuri, mtandao wa simu ukabaki mzuri na injini ikiwa inafanya kazi, hiyo ndiyo sura ya kuvurugwa, na unapaswa kuzungumza na dereva na utingo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama zilishuka taratibu gari likiwa limesimama, huenda lilikuwa chini ya paa la bati au katikati ya makontena. Kama setilaiti zilikuwepo wakati wote na mtandao ndio uliokatika, basi lori halikupotea hata dakika moja: kifaa kizuri huhifadhi nukta zake na kuzituma baadaye, na hapo unao ushahidi wote unaohitaji. Volti zikianguka kwa mkupuo, mtu amechomoa waya.

Mkataba wako na muuzaji huyo ukiisha, omba vifaa vinavyopokea masafa mawili na mifumo zaidi ya mmoja. Gharama imeshuka sana. Galileo, tangu Julai 2025, inatoa rasmi na bila malipo huduma ya kuthibitisha kwamba taarifa zake hazikughushiwa. Uliza kama kifaa kinaitumia. Haitakusaidia dhidi ya kelele, lakini dhidi ya uongo itasaidia. Weka pia kifungu kwamba kumbukumbu ghafi ni mali yako na utapewa ndani ya saa 24. Hizo ni taarifa za mahali walipo madereva wako, kwa hiyo chini ya sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 unawajibika kuwaambia unazikusanya na kwa nini.

Mwisho, iombe mamlaka ya forodha ikupe kumbukumbu za sili yake kwa muda uleule. Sili ina kipokezi chake. Kama vyote viwili vilipoteza setilaiti sekunde ileile, kulikuwa na kelele mahali pale. Ukiona malori tofauti yanapotea sehemu moja ya barabara, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ukitaja mahali na saa, maana wao ndio wenye vifaa vya kutafuta chanzo. Kama sili iliendelea kuona setilaiti wakati kifaa chako hakioni, angalia antena na waya za kifaa chako. Ukizilinganisha, hakikisha kwanza saa zimeandikwa kwa mtindo mmoja: vifaa vingi huandika saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa za Nairobi kwa saa tatu.